Michezo ya Kulimbikiza na Ushabiki Wake: Maelezo ya Istilahi

1. Utangulizi

Mfasiri anayeleta maarifa mapya katika Kiswahili hukutana na aina mbili za maneno yenye taabu. Aina ya kwanza ni majina ya vitu ambavyo bado havijafika kwetu. Maneno haya huwa magumu kwa sababu msomaji hana picha ya kitu chenyewe. Aina ya pili ni majina ya vitu vilivyokwisha kufika, tena vimo mifukoni mwa watu, lakini vimekuja na jina la kigeni lenye hukumu ndani yake. Aina hii ya pili yahitaji uangalifu zaidi, kwani mfasiri anayelifuata jina la kigeni neno kwa neno huileta na ile hukumu pasipo kujua.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi za kundi moja la michezo ya kompyuta na simu ambalo ni la aina hiyo ya pili. Katika Kiingereza michezo hii ina majina mawili yaliyozoeleka. La kwanza latokana na neno lenye maana ya kukaa bure bila kazi. La pili latokana na mlio wa kitufe kinapobonyezwa. Pamoja na michezo yenyewe tutalitazama neno linaloutaja umma wa watu waipendao, na mwishoni tutaeleza mipaka iliyopo baina ya mchezo, kamari na maradhi, mipaka ambayo mtumishi wa umma, mwalimu na mfasiri hawana budi kuijua. Tutaanza na jambo lenyewe na sababu za mvuto wake, kwa kuwa haiwezekani kukipa kitu jina linalofaa kabla ya kukifahamu.

2. Michezo yenyewe

Mfano ulio bora ni mchezo uitwao Cookie Clicker, uliotungwa na Mfaransa Julien Thiennot, ajulikanaye zaidi kwa jina la Orteil, na kutolewa Agosti 2013. Mchezaji huoneshwa biskuti moja kubwa kwenye skrini. Akiibofya mara moja hupata biskuti moja, na akiibofya mara kumi hupata kumi. Akishakusanya biskuti za kutosha huzitumia kununua vyombo na watu wa kumfanyia kazi. Hununua kishale kinachobofya chenyewe mara moja kila sekunde 10, bibi anayeoka biskuti moja kila sekunde, kisha shamba, mgodi, kiwanda na mengine yanayozidi kuwa ya ajabu. Baada ya muda si mrefu kidole cha mchezaji hakina kazi tena. Biskuti hujiongeza kwa maelfu, kwa mamilioni, na hatimaye kwa tarakimu ambazo wengi hawajapata kuyasikia majina yake. Mchezaji akiuacha mchezo wazi akaenda kula, arudipo hukuta mali imeongezeka. Hakuna mpinzani wala kushindwa, na mwisho hauonekani.

Mchezo huo ndio uliolitangaza kundi hili, lakini si wa kwanza. Mwaka 2002 Eric Fredricksen alitoa Progress Quest, mchezo unaojicheza wenyewe tangu mwanzo. Mchezaji humchagua mhusika, kisha hukaa akitazama mhusika huyo akipigana na kukusanya mali pasipo kuagizwa lolote. Ulikuwa mzaha juu ya michezo mikubwa ya wakati ule, hasa EverQuest wa mwaka 1999, ambamo wachezaji walirudia vitendo vilevile kwa saa nyingi ili wapande daraja.

Mwaka 2010 Ian Bogost, mwalimu wa chuo kikuu cha teknolojia cha Georgia kilichopo Atlanta, Marekani, aliyekuwa pia mtunzi wa michezo, alitoa Cow Clicker katika Facebook. Mchezaji alipewa ng'ombe mmoja, na aliruhusiwa kumbofya mara moja tu kila baada ya saa 6. Asiyetaka kungoja aliweza kulipa. Bogost alikusudia kuikejeli michezo ya namna ya FarmVille iliyokuwa imeenea mno tangu mwaka 2009. Walakini kejeli yake iliwapata wapenzi wa kweli kwa maelfu. Septemba 2011 aliwaondoa ng'ombe wote, akabakiza mahali patupu walipokuwa wamesimama. Hata hivyo wapo walioendelea kupabofya mahali hapo patupu.

Baada ya mwaka 2013 kundi lilipanuka upesi. Mwaka huohuo vilitokea Candy Box na A Dark Room, ambavyo huanza kama mchezo wa kubofya na kusubiri, kisha hufunua hadithi ndani yake. Mwaka 2014 ulitoka AdVenture Capitalist, ambamo mchezaji huanza na kibanda cha kuuzia maji ya limau. Mwaka 2017 Frank Lantz alitoa Universal Paperclips, unaotokana na mfano uliowahi kutolewa na mwanafalsafa Nick Bostrom. Mashine yapewa kazi ya kutengeneza vibanio vya karatasi, nayo haikomi mpaka kila kitu duniani kimekuwa vibanio. Yaonekana basi kwamba jambo lililoanza kama mzaha limekuwa fani yenye watungaji wa dhati.

3. Sababu za mvuto wake

Msomaji asiyeujua mchezo wa namna hii ana haki ya kuuliza: watu wanapata nini humo? Jibu haliko mbali nasi. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Kuona kitu kidogo kikiongezeka kwa mpango mpaka kikawa kingi ni furaha ya kale ya binadamu, na mkulima, mfugaji na mweka akiba waijua vema. Mchezo huu humpa mtu furaha hiyo kwa dakika chache, pasipo jua, mvua wala hofu ya hasara.

Iko tofauti moja kubwa, nayo ndiyo siri ya mchezo. Kibaba cha mkulima kina kipimo chake. Kibaba cha mchezo hukua kadiri kinavyojazwa. Katika Cookie Clicker bei ya kila kitu huongezeka kwa asilimia 15 kila kinaponunuliwa kimoja. Bibi wa kwanza huuzwa biskuti 100. Kwa ongezeko hilo bibi wa 10 hufikia bei ya takriban 352, wa 50 takriban 94,000, na wa 100 zaidi ya milioni 102. Yaani kila wanaponunuliwa mabibi watano bei hukaribia kuwa mara mbili. Huu ndio ukuaji ambao walimu wa hisabati huuita ukuaji wa kipeo. Akili ya mtu haikuzoea kuukadiria, na kwa hiyo mchezaji hushangaa kila mara: jana elfu moja ilikuwa mali, leo si kitu. Daima kitu kinachofuata ki karibu kupatikana, na kikishapatikana kingine kimekwisha kujitokeza mbele yake.

Sababu ya pili ni zawadi isiyojulikana saa yake. Mara mojamoja biskuti ya dhahabu hutokea kwenye skrini, hukaa sekunde chache, kisha hutoweka. Anayewahi kuibofya hupata faida kubwa. Wanasaikolojia wa Marekani C. B. Ferster na B. F. Skinner, katika kitabu chao cha mwaka 1957, walieleza jinsi wanyama wanavyoendelea kutenda bila kuchoka pale malipo yanapokuja kwa nyakati zisizotabirika, kuliko pale yanapokuja kwa utaratibu maalumu. Watungaji wa michezo wanaijua kanuni hii, na wachezeshaji wa kamari waliijua kabla yao.

Sababu ya tatu ni kungoja kwenyewe. Mchezo huu haumdai mtu umakini wake wote. Waweza kuwa umefunguliwa pembeni huku mtu akifanya kazi yake, naye akautupia jicho kwa vipindi. Kwa mtu aliyechoka, kuwa na kitu kinachosonga mbele chenyewe wakati mambo mengine yamekwama ni burudani ya aina yake.

Sababu ya nne ni uwezo wa kuanza upya kwa faida. Ukuaji unapopungua kasi, mchezaji huruhusiwa kuitoa mali yake yote akarudi mwanzo, naye hupewa nguvu ya kudumu inayofanya safari ya pili iwe ya haraka kuliko ya kwanza. Hivyo hata kupoteza kila kitu kumefanywa kuwa aina ya chumo.

4. Jina la mchezo

Sasa tuliangalie jina. Tafsiri ya moja kwa moja ya jina la kwanza la Kiingereza ingetupa "mchezo wa uvivu" au "mchezo wa kukaa bure". Majina haya hayafai kwa sababu mbili.

Kwanza, hayasemi kweli. Katika Kiingereza neno hilo husemwa hata juu ya mashine inayonguruma bila kuvuta mzigo, na laweza kutumika bila lawama. Katika Kiswahili uvivu ni tabia ya mtu, tena tabia mbaya. Jina "mchezo wa uvivu" humwambia msomaji kwamba anayecheza ni mvivu, ilhali huenda mchezaji huyo ni muuguzi anayepumzika baada ya zamu ya usiku.

Pili, katika historia yetu kumwita mtu mvivu au mzururaji si maneno matupu. Wasomaji watakumbuka Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambayo katika utekelezaji wake watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikusanywa mijini wakapelekwa mashambani. Yeyote aliyepata kushuhudia mambo hayo anajua kwamba neno moja katika hati ya serikali laweza kumhamisha mtu kutoka nyumbani kwake. Istilahi inayotaja kundi la watu kwa sifa ya uvivu haifai kuingizwa katika mtaala, katika taarifa ya afya wala katika hati ya sheria.

Yako mapendekezo mengine yanayostahili kupimwa. "Mchezo bwete" ni jina fupi na lenye kupendeza sikio, lakini nalo hubeba lawama ileile, kwani mtu akaaye bwete husemwa kwa kubezwa. "Mchezo wa kupitisha wakati" halina lawama, ila ni pana kupita kiasi; karata na dama pia hupitisha wakati. "Mchezo wa kungoja" lasema sehemu moja ya kweli na kuiacha nyingine, maana mchezaji hangoji tu, bali angojea kitu kikusanyike.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapotusaidia. Kitenzi "kulimbika" kina maana ya kuacha kitu kikusanyike kidogokidogo huku mtu akisubiri. Mtu aendaye kuchota maji katika kisima kilichokauka hukilimbika. Hungoja maji yajikusanye chini ndipo achote. Katika kitenzi hiki kimoja zimo fikra mbili, ya kungoja na ya kukusanya, na hizo mbili ndizo uti wa mgongo wa mchezo tunaoueleza. Kutokana na kitenzi hicho tunalo neno "kulimbikiza", lililozoeleka zaidi. Watumishi wa umma wanalijua katika "malimbikizo ya mishahara", na wanafunzi wa siasa na uchumi wanalijua katika "ulimbikizaji wa mali". Kwa hiyo tunapendekeza "mchezo wa kulimbikiza" liwe jina la kundi zima. Jina hili laeleza kinachotendeka bila kumhukumu mtendaji. Aidha lazaa kwa urahisi: mlimbikizaji, ulimbikizaji, limbikizo.

Jina la pili la Kiingereza, lile la mlio wa kitufe, halitaji kundi zima bali tawi mojawapo, yaani michezo ambayo kidole cha mchezaji hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa tawi hili "mchezo wa kubofya" lafaa. Hapo zamani mtu alibofya embe ili ajue kama limeiva, kisha neno likapanuliwa maana kwa ajili ya kipanya cha kompyuta, na upanuzi huo umekubalika. Kitenzi "kubonyeza" kibaki kwa vitufe vya kushindilia, kama vya redio au kengele. Kwa tawi la pili, la michezo ya namna ya Progress Quest ambayo haimhitaji mchezaji karibu kabisa, twaweza kusema "mchezo unaojiendesha".

5. Ushabiki na jumuiya ya mashabiki

Mtu angedhani mchezo usio na mpinzani ungekuwa mchezo wa upweke. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Kuizunguka michezo hii pametokea jumuiya za watu wanaosaidiana. Wapenzi wa Cookie Clicker wameandika katika intaneti ensaiklopidia ya mchezo huo, inayoeleza kila chombo na kila siri. Wengine wamepiga hesabu za kuonesha ni kitu gani kinunuliwe kwanza ili mali ikue upesi. Wengine wametunga programu ndogo za kuongezea mchezo vipimo na maelezo. Kazi hizi hufanywa pasipo ujira, na wazifanyao hujifunza hisabati na utungaji wa programu bila kuhimizwa na mtu. Mwalimu anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawapendi vipeo ajue kwamba huenda wanavipiga hesabu jioni kwa hiari yao.

Jambo hili halikuanza na michezo ya kompyuta. Huko Marekani gazeti la hadithi za sayansi la Amazing Stories, lililoanzishwa na Hugo Gernsback mwaka 1926, lilichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao, na kwa njia hiyo wasomaji wakaanza kuandikiana na kukutana. Januari 1972 wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek walifanya mkutano mkubwa New York, ingawa tamthilia hiyo ilikuwa imekoma kutungwa tangu mwaka 1969. Henry Jenkins alizichambua jumuiya za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1992, akaonesha kwamba mashabiki hawapokei tu kazi za wengine, bali huzitumia kutunga kazi zao wenyewe.

Katika Kiingereza neno la mtu wa namna hii ni kifupisho cha neno lililotoka Kilatini, ambalo asili yake ni hekalu. Lilimtaja mtu aliyepandwa na jazba ya ibada. Sisi tunayo maneno kadhaa ya kuchagua. "Mpenzi" ni la heshima, lakini lina utata kwa sababu ya mapenzi ya mume na mke. "Mfuasi" limeelemea dini na siasa. "Mkereketwa" lilikita mizizi katika mambo ya chama, nalo hudokeza mtu anayelitetea jambo kwa nguvu. "Mnazi", kwa maana isikikayo katika mazungumzo ya mpira jijini Dar es Salaam, ni neno la mtaani na lafaa libaki huko. Linalobaki ni "shabiki", neno linaloeleweka kote na lisilo na ugomvi.

Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba shabiki tuliyemzoea ana upande wa kushindana nao. Shabiki wa Yanga humjua wa Simba, kama wachezaji wa beni wa Marini walivyowajua wale wa Arinoti. Shabiki wa mchezo wa kulimbikiza hana upande wa pili. Kwa kulitumia neno hili tunalipanua maana, liwataje pia watu wanaokipenda kitu kwa pamoja bila kuwa na wa kumshinda. Upanuzi huu haulidhuru neno, mradi mfasiri anajua kwamba anaufanya.

Ugumu zaidi umo katika nomino ya jumla. Kiingereza kina neno moja linalotaja hali ya kuwa shabiki na pia umma wenyewe wa mashabiki, kwa kutumia kiishio kilekile kilichomo katika neno lao la ufalme. Inapendeza kuona kwamba kiambishi chetu cha U- kina tabia hiyohiyo: "ufalme" ni cheo cha mfalme, na pia ni nchi anayoitawala. Kwa msingi huo "ushabiki" lingeweza kubeba maana zote mbili. Lakini msomaji wetu amekwisha kulizoea kwa maana ya hali, tena mara nyingi ya hali iliyopita kiasi, kama katika usemi "acha ushabiki, tazama ukweli". Kwa hiyo twapendekeza kuyatenganisha. "Ushabiki" litaje hali na matendo, na "jumuiya ya mashabiki" litaje watu. Kipimo cha kutumia ni rahisi: ikiwa swali linalofaa kuhusu neno katika sentensi ni "kiasi gani?", andika ushabiki, ikiwa swali linalofaa ni "ni akina nani?", andika jumuiya ya mashabiki.

6. Mchezo, kamari na maradhi

Tumefika mahali ambapo kosa la istilahi laweza kumdhuru mtu. Kiingereza hutumia neno moja kwa uchezaji wa michezo ya kompyuta na kwa kamari iliyoruhusiwa na sheria. Kwetu mambo haya yametengwa. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania inahusu kamari, bahati nasibu na mashine za kuchezea fedha. Mfasiri akilikuta neno lile la Kiingereza katika taarifa ya kitaalamu kuhusu vijana na simu, akaandika "michezo ya kubahatisha", atakuwa amegeuza maana yote. Msomaji wake atadhani vijana wanaosemwa wanacheza kamari.

Hatari hii huonekana wazi katika istilahi za afya. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, lina maradhi mawili yaliyowekwa bega kwa bega. Moja ni la kamari, lingine ni la uchezaji wa michezo ya kompyuta, na majina yake ya Kiingereza hukaribiana mno. La pili hutambuliwa kwa dalili tatu: mtu kushindwa kujizuia kucheza, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea kucheza ijapokuwa madhara yanaonekana. Hali hiyo sharti iwe imeharibu kwa kiasi kikubwa maisha ya mtu nyumbani, shuleni au kazini, na kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Kwa hiyo mtoto anayecheza sana wakati wa likizo si mgonjwa. Mwalimu mkuu akiandika katika barua kwa mzazi kwamba mtoto "ana maradhi ya kamari", kwa kuwa alisoma tafsiri mbovu, amempachika mtoto huyo aibu asiyostahili. Twapendekeza "maradhi ya kamari" kwa la kwanza na "maradhi ya uchezaji wa kompyuta" kwa la pili, na yasibadilishane.

Lakini haki ina pande mbili. Kama tulivyokataa jina linalomlaumu mchezaji, ndivyo tusivyopaswa kutumia jina linaloficha madhara. Baadhi ya michezo ya kulimbikiza hutolewa bure, kisha humwuzia mchezaji njia ya kufupisha kungoja. Jambo hili lapaswa kuwa na jina lake wazi, ili mzazi na afisa wa kulinda walaji waweze kulitaja: "ununuzi ndani ya mchezo". Mwaka 2017 waliotengeneza Clicker Heroes, mchezo wa mwaka 2014, walitangaza kwamba mchezo wao wa pili ungeuzwa kwa bei moja tu, kwa kuwa hawakutaka kupata fedha kutoka kwa watu wasioweza kujizuia. Pale ambapo mtu hulipa bila kujua atapata nini, tunafika mpakani mwa kamari. Mwaka 2018 chombo kinachosimamia kamari nchini Ubelgiji kiliamua kwamba "masanduku ya bahati" ya aina hiyo yaliyomo katika baadhi ya michezo ya kompyuta yavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Afisa anayetaka kuandika kanuni juu ya mambo haya hatafika mbali ikiwa mchezo, ununuzi ndani ya mchezo na kamari vyote vina jina moja kwake.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Kwa muhtasari, istilahi tunazopendekeza ni hizi:

(a) Mchezo wa kulimbikiza: mchezo wa kompyuta au simu ambao lengo lake ni kukuza limbikizo, na ambao sehemu kubwa ya ukuaji hutokea wakati mchezaji anangoja.

(b) Mchezo wa kubofya: mchezo wa kulimbikiza unaotegemea zaidi vitendo vya kidole cha mchezaji.

(c) Mchezo unaojiendesha: mchezo wa kulimbikiza usiohitaji kitendo cha mchezaji baada ya kuanzishwa.

(d) Limbikizo: jumla ya mali aliyonayo mchezaji, iwe ni biskuti, fedha au kitu kingine.

(e) Kizalishi: chombo au mhusika anayenunuliwa ili aongeze limbikizo bila mchezaji kutenda. Bibi wa Cookie Clicker ni kizalishi.

(f) Kiongezanguvu: kitu kinachonunuliwa ili kizalishi kizalishe zaidi.

(g) Pato la kutokuwepo: ongezeko la limbikizo lililotokea wakati mchezo umefungwa.

(h) Kuanza upya kwa faida: kutoa limbikizo lote na kurudi mwanzo ili kupata nguvu ya kudumu.

(i) Ukuaji wa kipeo: ukuaji ambao kila hatua huzidishwa kwa kiasi kilekile, badala ya kujumlishwa.

(j) Shabiki, ushabiki, jumuiya ya mashabiki: kama zilivyoelezwa katika sehemu ya 5.

(k) Ununuzi ndani ya mchezo: malipo ya fedha halisi kwa ajili ya kitu au nafuu iliyomo mchezoni.

(l) Sanduku la bahati: kitu kinachonunuliwa ndani ya mchezo bila mnunuzi kujua kilichomo.

8. Tamati

Tumejaribu kuonesha kwamba jina zuri la kitu kigeni halipatikani daima kwa kulitafsiri jina la kigeni. Mara nyingine hupatikana kwa kukitazama kitu chenyewe kinafanya nini, kisha kuitafuta lugha yetu ina neno gani kwa tendo hilo. Waliochimba visima na kungoja maji walikwisha kutuachia neno "kulimbika" kabla ya kompyuta kuwako.

Wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaombwa wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kuliandikia jarida hili maoni yao, hasa kuhusu (e), (f) na (h), ambazo ni mpya zaidi. Aliye na neno bora lililokwisha kuzoeleka mahali alipo alilete pamoja na mfano wa matumizi yake, ili lipimwe na wenzake kabla istilahi hazijasanifiwa.